Upande wa Bure Ufutwe Leo

Ndugu Mhariri Mkuu,

Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na mlango umeufunga.

Jana nilikuomba kwa mdomo, nawe ukamwagiza fundi wa kompyuta aje leo mchana kufuta mfumo endeshi wa bure kwenye kompyuta ya chumba cha habari. Asubuhi hii naambiwa mpanga kurasa ametoka ofisini kwako akijipangusa macho, na kwamba unafikiria upya. Tafadhali usifikirie upya. Kazi yangu ya mwaka mzima kuhusu mabomba ya maji imo ndani ya mashine hiyo na inatoka Jumapili. Haiwezi kuendelea kuishi na matangazo ya magodoro.

Nikukumbushe chanzo. Ulipokosa kompyuta ya pili, ulimwambia fundi aigawe diski ya ile moja nusu kwa nusu. Nusu moja akaweka mfumo wa kulipia, ambao ni wangu, kwa heshima ya utumishi. Nusu nyingine akaweka mfumo wa bure, wa mpanga kurasa. Mashine ikiwashwa huleta mistari miwili ya maandishi na kungoja mtu achague. Fundi alitaka kunieleza upi ni upi, nikamwambia asijichoshe. Kwenye orodha ya zamu jina langu liko juu, kwenye kikao cha asubuhi naanza kusema mimi, na kwenye mashine nachagua mstari wa kwanza. Wa pili sijawahi kuugusa. Mimi si mtu wa kuchungulia vyumba vya watu.

Sasa malalamiko.

1. Picha. Siku ya kwanza kabisa nilifungua upande wangu nikakuta watoto wawili wenye mapengo wakinichekea skrini nzima. Ni wanawe. Nikawaondoa, nikaweka picha yangu nikipokea cheti. Kesho yake watoto wamerudi. Tumeendelea hivyo hadi leo, na naona mapengo yanaanza kuota meno.

2. Mafaili. Huyu dada ana nusu nzima ya diski, lakini kurasa zake anazimwaga kwangu: ukurasa wa michezo, tangazo la majeneza, katuni. Nilizisomba zote nikazitupa kwenye pipa la mashine, na pipa nikalimwaga. Akaja mbio: "Kaka, ukurasa wa tano umeupeleka wapi?" Nikamjibu kwamba sina habari za vitu vinavyopotea nyumbani kwangu bila kualikwa. Gazeti lilichelewa kwenda mtamboni, na lawama nasikia nilibebeshwa mimi.

3. Nafasi. Mashine inanionya kwamba upande wangu unakaribia kujaa. Wangu! Na wake, nina hakika, uko mtupu kama nyumba ya wageni iliyokosa wageni. Huo ndio ustaarabu wa watu wa bure: chako wanakula, chao wanakiweka akiba.

4. Kejeli. Kwenye rasimu yangu ya mabomba, pale nilipoandika kwamba "inaaminika" mkandarasi alizika mabomba yaliyotoboka, nimekuta ameongeza kwa rangi nyekundu: "Nani anaamini, kaka? Ulimuuliza?" Mimi ndiye niliyefundisha nusu ya waandishi wa gazeti hili kuuliza swali hilo. Sikulifundisha ili niulizwe.

5. Ubora. Hapa naomba uweke hisia pembeni. Mfumo wangu, tangu ulipowekwa, haujakwama hata siku moja. Haujawahi kujizima katikati ya sentensi wala kuniambia ningoje. Ukiona kitu kimetulia hivyo, ujue kimelipiwa. Mfumo wa bure, kwa upande mwingine, umetengenezwa na watu wasiojulikana, wanaojitolea jioni wakishamaliza kazi zao. Ukiharibika tutamshika shati nani? Mtu anayefanya kazi bila mshahara ama ana siri, ama hana adabu.

6. Kiburi. Juzi mpanga kurasa alisema anataka kunionyesha kitu kidogo kwenye ile mistari miwili. Nilimweleza kwamba nilianza kuwasha kompyuta yeye akiwa anafundishwa kushika penseli. Akasema, "Haya, shikamoo," akaenda zake. Ile shikamoo sikuipenda.

Kwa hiyo naomba: upande wa bure ufutwe, usibakie hata alama. Pili, mpanga kurasa ahamishiwe meza ya korido. Tatu, kwa kuwa tatizo ni la kimsingi, chai ya ofisi nayo igawanywe, wakubwa wawe na birika lao. Nne, mlango wa chumba cha habari uwekewe utaratibu kama ule wa mashine: usimame kwanza, uulizwe nani anaingia, na wa kwanza awe mimi.

Nisalimie mama watoto, dereva wa zamu ya asubuhi, wazee wa mtamboni, na mpanga kurasa pia, ili asiseme nina kinyongo.

Wako katika ukweli uliothibitishwa,
Mwandishi Mwandamizi, Dawati la Habari

Nyongeza: Naandika kwa kalamu. Fundi amefika mapema. Akaniomba nimfungulie upande unaobaki, nami nikachagua mstari wa kwanza mbele yake. Akasema, "Mzee, huu ndio wa bure. Wako ni wa pili, na haujawahi kufunguliwa tangu niuweke." Tuliufungua. Ni mtupu kweli. Ulituambia tungoje, na tulikuwa bado tunangoja umeme ulipokatwa. Mabomba yangu yote yako upande wa bure. Malalamiko ya kwanza hadi ya nne yasome kama yameandikwa na mpanga kurasa dhidi yangu. La tano libaki kama lilivyo, ila usifiwe mfumo mwingine. Agizo lako lenye sahihi fundi analo mkononi, anasema yeye hutii karatasi, na simu yako haipokelewi. Mpanga kurasa amechomoa waya wa umeme ukutani, ameukalia, na ananiambia, "Kaka, andika haraka, huyu ana betri ya akiba kwenye begi."