Mchumba Niliyemtungia Dada

Jumatatu, 2 Machi 1931
Mpiga picha mpya wa mtaani amekuja kuagiza pazia jeusi la chumba chake cha giza cha kusafishia picha. Mrefu, mpole, vidole vina madoa ya dawa. Mama alikuwa anampima mteja, kwa hiyo nikampokea mimi. Nilizungumza sana. Nikamweleza habari za cherehani zetu mbili, ukungu wa ukutani, hata jino la Mama. Dada yangu alikuwa dirishani anashona vifungo. Alisema neno moja tu, karibu. Mpiga picha akageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Dada ana miaka ishirini na sita, mimi ishirini na tatu. Yeye akipewa siri, imezikwa. Mimi nikipewa, hadi sindano zinajua.

Nimeamua mwanamume huyu ni wangu. Yeye bado hajui.

Jumatano, 4 Machi
Mpango wa kwanza. Nimemshawishi Dada twende tukapigwe picha pamoja. Yeye na gauni lake la kijivu, mimi na gauni la bluu la mteja lililoletwa kupunguzwa kiuno. Nilitaka aone tofauti. Mpiga picha akatuomba tusitikisike hadi ahesabu nne. Dada akatulia tuli. Mimi alipofika tatu nikakumbuka kitu cha kusema.

Alhamisi, 5 Machi
Picha imeletwa. Dada ametoka kama malkia. Mimi nina pua tatu. Mpiga picha akaomba radhi, akasema kosa ni la mashine. Kisha akauliza kama anaweza kujiwekea nakala, ila ataikata kidogo upande wa kulia. Upande wa kulia nimekaa mimi.

Jumamosi, 7 Machi
Nimefanya jambo baya. Naliandika haraka kabla sijalipamba.

Nilimpelekea pazia. Akalikunja, akalikunjua, akatazama viatu vyake, akaniuliza kama dada yangu ana mtu. Nikasema ana mchumba. Neno lilitoka lenyewe. Akauliza ni nani. Nikasema mtu fulani, yuko mbali, anafanya kazi. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli mapema. Masikio yaliniwaka njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 8 Machi
Sikujua kama mtu aliyeumizwa anaweza kuja kutoa pongezi. Huyu amekuja. Kaleta fremu ya mbao, ya kuwekea picha ya Dada na mchumba wake.

Mama akauliza mchumba yupi, pini bado ziko mdomoni. Mpiga picha akamtazama Dada. Dada akanitazama mimi, na hapohapo akaelewa yote. Kwa neno moja angenivua nguo mbele ya watu. Badala yake akasema taratibu, "Habari hizo mdogo wangu ndiye anayezijua vizuri."

Hakudanganya, na hakuniumbua. Macho yote yakahamia kwangu. Nikasema ni karani. Kisha nikasema ni baharia. Kisha nikasema ni karani wa melini. Mama akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani. Upangaji huo wa Mama naujua.

Mpiga picha akasema ameitwa kazini mji mwingine na alikuwa hajaamua. Sasa ataondoka Jumatano. Alipotoka, Dada akarudi kwenye cherehani, akaunga mkono wa gauni ndani nje. Dada hajawahi kukosea mkono. Ndipo nilipojua kwamba naye anampenda, na kwamba asingesema mpaka kaburini.

Jumatatu, 9 Machi
Sijalala vizuri. Kukiri ni vigumu, kwa hiyo nimetafuta njia ya heshima zaidi. Nimemuua baharia.

Nilikwenda kwa mpiga picha na leso mkononi, nikamwambia meli imezama. Nilitegemea afurahi kidogo, kwa adabu. Badala yake alikaa juu ya sanduku, akafuta macho. Akasema muungwana hamchumbii mwanamke aliye msibani, kwa hiyo ni afadhali aondoke kesho badala ya keshokutwa, amwache Dada alie kwa amani. Saa kumi jioni akatuletea barua ya rambirambi. Mama aliisoma kwa sauti, mara mbili.

Jumanne, 10 Machi
Asubuhi Dada akaweka mkasi chini. Akaniambia, "Nenda ukamwambie. Mimi sikusindikizi."

Nilimkuta anafunga vioo vyake vya picha kwa magazeti. Nikamwambia hakuna baharia. Akauliza nani aliyemtunga. Nikasema shangazi. Akaendelea kunitazama. Nikasema ni mimi. Akauliza kwa nini, nikamjibu nikiwa nimelikazia macho sanduku, "Kwa sababu nilikutaka mwenyewe."

Aliliweka gazeti chini polepole. Heri angenifokea. Kisha akachukua kofia, akatoka mbio, mlango wazi, vioo vimetapakaa. Nikabaki kulinda. Wateja wawili walikuja wakadhani mimi ndiye mpiga picha. Nikawaelekeza benchi, nikaendelea kukusanya vioo.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mpiga picha kwenye kigoda changu. Dada alikuwa anaongea. Sentensi nzima nzima, tena anacheka. Mama akaniambia niende nikapige pasi.

Baadaye Dada akanifuata kwenye pasi. Nilimwomba radhi. Akasema uongo ameshausamehe, ila kuna kitu kinamuuma. "Ungeniambia tu kwamba unampenda, mdogo wangu, ningekaa pembeni."

Najua angekaa. Nimeunguza kola ya mteja nikilia.

Jumapili, 29 Machi
Harusi ni mwezi wa sita. Mpiga picha sasa namwita shemeji, naye huniitikia vizuri kuliko ninavyostahili. Kaka yake amekuja kututembelea. Mpima ardhi, mabega mapana, anacheka hata nisipochekesha. Baada ya chai akanivuta kando, akaniuliza kama jirani yetu mmoja, binti mfuma sweta, ana mtu.

Mwezi huu wote nimekaa na aibu yangu, nimeyapima makosa yangu moja baada ya jingine, bila kujionea huruma. Naona wazi sasa nilipokosea. Baharia hakuwa na kazi ya kueleweka tangu mwanzo.

Nimemwambia mchumba wa jirani ni daktari wa meno. Anaishi kwa mama yake mdogo, ana miaka thelathini na mbili, na hapandi meli kabisa.