Kitanda Kichanga Hakilaliwi

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ndiye mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakurugenzi wa benki yangu ya uwekezaji. Waheshimiwa wadhamini wa mfuko wangu wa hisani, yaani mke wangu na shemeji zangu. Mganga mkuu na wakunga wa zahanati hii. Wazee kwa vijana: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kwanza kabisa niwieni radhi kwa kimya changu kirefu tangu nilipowaahidi wodi ya wazazi yenye vitanda kumi, kwani kimya hicho hakikuwa cha dharau, bali kilikuwa cha kitaalamu. (Minong'ono.)

Ndugu wananchi, mimi nilianza maisha nikiwa karani wa kugonga mihuri, nikapanda cheo kwa jasho langu na kwa simu za baba mkwe wangu aliyekuwa mwenyekiti wa bodi (vicheko), na leo hakuna kampuni kubwa inayoimeza nyingine bila kunialika mezani, lakini tumbo liliposhiba, moyo uliniuliza, "Na akina mama je?" Nikaujibu, "Subiri upembuzi yakinifu." (Makofi, jukwaa kuu peke yake.)

Mtu wa kawaida akipata vitanda kumi vya kujifungulia, huvipanga chumbani, wazazi wakavilalia, vikachakaa. Huo ni ufukara wa fikra! Mimi vitanda vyenu kumi niliviwekeza vikingali wazo tu, vikazaa, na vilivyozaliwa navyo vikazaa, hata leo, kwa mujibu wa tathmini ya kati ya mpango mkakati, mnavyo vitanda mia mbili na arobaini, ongezeko la asilimia elfu mbili na mia tatu, bila fundi kugusa tofali! (Makofi. Mkunga mkuu anasimama: "Mheshimiwa, tunaomba kimoja tu, sasa hivi! Huyu hapa ameshikwa na uchungu, na ndani wenzake wamelala wawili wawili.")

Mama mkunga, keti. Swali lako ni zuri, ila si la kiwekezaji. Ukikitoa kitanda kimoja kabla hakijakomaa, unavitia hofu vyote vilivyobaki. (Bibi mmoja: "Mwanangu, huyu ni mke wa mwanangu, na mtoto wake hajui mambo ya benki. Anakuja! Fupisha!")

Nafupisha, mama. Naruka utoto wangu na kuingia moja kwa moja katika ujana. (Zomeazomea. Wanawake wanampandisha mzazi jukwaani.) Itifaki, akina mama! Hilo ni kochi la mgeni rasmi! (Mkunga: "Sogea, baba! Shika hiki kitambaa cha meza, kiwe pazia. Geuka huko. Juu zaidi!")

Ndugu wananchi, nimeombwa kuendelea kuhutubia nikiwa nimewapa mgongo wahusika na mikono yangu ikiwa juu, jambo linalodhihirisha ubia baina ya sekta binafsi na jamii. (Vicheko. Mzazi anapiga ukelele.) Naomba utulivu upande wa uchungu, nimefika kwenye takwimu. (Bibi: "Takwimu baadaye! Pazia linashuka!") Samahani, mama. (Mtoto analia. Vigelegele.)

Ni wa kike? Basi iandikwe katika ripoti ya mwaka kwamba wodi yetu imehudumia mzazi wake wa kwanza, akajifungua salama, na vitanda vyote mia mbili na arobaini havikuguswa! (Mkunga: "Na kochi linabaki hapa.") Kochi ni la kukodi! (Mkunga: "Mwenyewe aje amwamshe mzazi.")

Tusimame kwa kaulimbiu. Wekeza leo! Zaa kesho! (Bibi: "Ameshazaa leo!")

Mwisho, nawashukuru kwa kuipenda wodi ambayo haina kiwanja, haina ramani wala mlango, na ambayo, nasema kwa fahari, haijavuja hata siku moja. Bodi itaketi kuamua kama ijengwe au iachwe iendelee kukua. Uamuzi ukipatikana, nitawaandikia.

Sasa nani atanipokea hiki kitambaa? Mikono imekufa ganzi. (Wote wamekwenda kumtazama mtoto.)