Uso wa Saa ya Marehemu Mhina

Jumatatu, 8 Julai 1974. Mnyuzi.
Kijiji kimepata chumba nyuma ya duka la ushirika. Fundi saa mmoja tu atakipata. Tupo wawili: mimi, Hiza, na yule Valerian anayebandika lenzi jichoni hata akila ugali. Atakayekosa atashika jembe kwenye shamba la ujamaa. Jembe! Kwa mikono hii!

Jumatano, 10 Julai.
Njia nimeipata. Bibi Zamda, mjane wa Mzee Mhina, amechukua kwa Valerian, baada ya matengenezo, saa ambayo marehemu alirudi nayo kutoka vita vya Burma. Inatembea vizuri, hilo silikatai. Lakini niliifunika kwa kanga nikachungulia: namba haziwaki hata chembe! Zimekuwa hudhurungi kama ugoro. Saa ya jeshi isiyowaka gizani? Valerian ameng'oa uso halisi akaweka wa bandia. Nimewaambia wote kisimani, na kila mmoja nimemwomba asimwambie mtu.

Ijumaa, 12 Julai.
Mwenyekiti Yordani amesema kamati itazikagua saa kesho, ya Bibi na yangu ya jeshi, na atakayeonekana anazijua ndiye mwenye chumba. Nimefurahi mno! Alasiri nimezipaka namba za saa yangu dawa mpya ya kung'aa kutoka Tanga. Saa yenyewe ni ile ninayosema niliirithi kwa mjomba aliyepigana Burma. Mjomba hakufika hata Handeni.

Jumamosi, 13 Julai.
Saa nne asubuhi mimi, Valerian, Bibi na kamati nzima tulijifungia kwenye ghala la mahindi. Giza tupu. Saa yangu ikawaka kama jicho la paka. Ya Bibi, kimya. Nikatangaza: hii halisi, ile bandia.

Valerian akasema taratibu kwamba dawa ya zamani huchoka; saa ya miaka thelathini ikiwaka hivyo, basi imepakwa juzi. Nikamwita mwizi mbele ya wote. Mwenyekiti akamwuliza Bibi Zamda.

"Ilizimika mwaka wa Uhuru," akasema Bibi. "Marehemu alisema Waingereza wameondoka na mwanga wao."

Mama Justa wa kamati, gizani humo humo, akataka kujua kama na vidole nimevirithi kwa mjomba. Nikavitazama. Vilikuwa vinawaka vyote vitano.

Jumatatu, 15 Julai.
Chumba kapewa Valerian. Mimi nimepewa mistari minne ya mihogo na amri ya kumwomba radhi. Nimeomba, kwa mdomo tu, moyo umekataa. Malengelenge mawili tayari. Wacheke watakavyo, sikubali kushindwa na watu wasiojua saa!

Kosa langu nimeliona: niling'arisha. Kumbe watu wanataka hudhurungi. Mchana, wenzangu wakipumzika, nimechemsha chai ya rangi nzito, nikazipaka namba za saa zangu nne za kuuza. Zimetoka kiwandani mwaka jana. Kufikia gulio la Korogwe, keshokutwa, zitakuwa zimetimiza miaka thelathini.