Matajiri Walioezua Nyumba Zao

Tharcisse aliiona riziki yake siku Kasereka, mwenye maduka matatu, alipojipanga kwenye foleni ya wakimbizi ili apewe turubai. Tajiri anayesukumana na wajane kwa kipande cha plastiki hahitaji kudanganywa sana. Anahitaji kuonyeshwa njia tu.

Vita ilikuwa imeibadilishia Bunia wakubwa mara nyingi kuliko Tharcisse alivyobadilisha shati. Alichoka kulala kwa watu. Alitaka kwenda zake Kpandroma, afungue duka, naye aitwe patron, bwana mkubwa, kabla hajafa. Alikosa mtaji tu, akamvuta Kasereka pembeni.

"Patron, weye uko unahangaika na bâche, hii turubai, na kuko mradi unakuja. Wenye mradi wanatafuta sababu ya umasikini. Kila nyumba yenye haina mabati, itapewa mapya, ya Kampala."

"Lakini miye niko na mabati."

"Njo shida yako hiyo."

Kasereka akafikiri. Mabati yake aliyanunua kwa bei ya kutupa kwa askari walioyang'oa kwenye nyumba za watu kule Fataki, kwa hiyo hakuwa na uchungu nayo. Kulipokucha akapanda juu na nyundo. Wafanyabiashara wenzake wa mtaa wa Bigo walipomwona anaezua, wakajua kuna ulaji, nao wakapanda. Mabati yote yakafichwa kwenye ua mmoja uliokimbiwa na wenyewe, chini ya ulinzi wa Tharcisse, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwachia hata baiskeli.

Ilibaki kumpata mtaalamu. Tharcisse akamkodi Pétronille, mwalimu aliyekimbia kutoka Fataki, mwenye miwani, Kifaransa safi na mshahara usiofika.

"Kazi yako Jumapili ni kuuliza watu na kutikisa kichwa, Madame. Kesho yake lori itabeba hii mabati mpaka Kpandroma, nami sitakusahau."

Pétronille alikuwa akiyatazama mabati. "Hii ni ya kwetu," akasema polepole. "Sawa, Monsieur Tharcisse. Nitauliza."

Jumapili baada ya misa watu wakajaa kwenye ua uleule, matajiri mbele wakiwa wamevaa matambara ya kuazima, nyuma wakimbizi waliosikia kuna mradi, mvua ya asubuhi ikiwa bado mabegani mwao. Pétronille akakaa mezani.

"Papa Kasereka, umasikini yako inatoka wapi?"

"Ni ukame, Madame," akajibu Kasereka, miguu yake ikizama matopeni.

"Na mabati?"

"Tangu nizaliwe sijalala chini ya bati." Akainua mkono kuapa, na katekista aliyekuja nao kutoka misani akashuhudia. Wenzake nao wakaapa, mmoja baada ya mwingine, mmoja akilia kabisa.

Tharcisse alifurahi mpaka akaanza kujipangia rangi ya duka lake. Ndipo Pétronille aliposimama.

"Sababu tumeisikia. Sasa dawa. Mabati ya mradi iko hapa nyuma, Monsieur Tharcisse alituchungia. Tutaanza na wa Fataki, sababu wale hata ukuta hawana. Hawa baba wengine watangoja tranche ya pili, mgao wa nyuma."

Tharcisse akisema kwamba hayo si ya mradi, ataulizwa mradi wenyewe uko wapi. Kasereka alifungua kinywa, akamwona katekista, akakifunga. Wanawake wa Fataki walikuwa wamekwisha kuyatwika vichwani. Katika vita ile yote mabati yalijua njia moja tu, kutoka kwa aliyechomewa nyumba kwenda kwa mwenye duka, na hakuna kongamano la umasikini lililowahi kuliona hilo. Siku ile yaligeuka, na moyo wa yeyote asiye na duka ulitulia.

"Papa Kasereka," akasema Pétronille, "tupe mot, neno ya kushukuru kwa niaba ya masikini."

Kasereka akashukuru. Sauti ilimtetemeka, watu wakampigia makofi wakisema mzee ameguswa.

Kesho yake lori likafika.

"Mizigo iko wapi?" dereva akauliza.

"Wako wanaipigilia misumari," akasema Tharcisse. Nyundo zilisikika Bigo nzima, na mwishoni mwa barabara walitokea Kasereka na wenzake, wameloa kwa kulala bila paa, nao wakiwa na nyundo zao.

Dereva akawatazama, akamtazama Tharcisse. "Mafuta yangu haiwezi kupotea bure. Nitapakia chumvi. Weye panda, utanilipa kwa mugongo."

Tharcisse akapanda mbio. Akafika Kpandroma kama alivyotamani, na watu wa sokoni wakamwita "Weye!" wakimwonyesha gunia la kwanza la kushusha.