Mama Amesema Hajambo, Daktari Hakusadiki

Munje,
9 Machi 1966

Kwa Bwana Daktari Kalama,

Pokea salamu zangu za heshima. Sisi sote nyumbani hatujambo, tunakuombea nawe uwe hivyo.

Bwana Daktari, Jumatatu nilikuletea mama yangu, Bi Mwanamkuu, kwa maradhi ya kusahau. Ukampima, ukasema juu ya kusahau ana pia ugonjwa wa huzuni. Nilileta maradhi mamoja, nimerudi na mawili. Naomba kwa adabu uiondoe huzuni hiyo, kwa sababu hizi:

1. Ulimwuliza yu hali gani, akajibu hajambo, alhamdulillahi. Ukarudia, akajibu vile vile. Mwanamke aliyelelewa Munje hamjibu mgeni vinginevyo. Hata siku ya maziko ya baba aliwajibu watu kwamba hajambo, ndipo akawaeleza kuwa kuna maiti ndani. Wewe ukasema jibu lake halikutoshi. Je, mama yangu mwongo?

2. Ukamgeukia mke wangu Asiya, ukaniacha mimi mwenye nyumba nimekaa na kanzu yangu ya Ijumaa. Naye akakumwagia yote: kwamba mama anaurudisha wali bila kuuonja, huamka kabla ya adhana akakaa tu kitandani, na shoga zake wakija hugeukia ukutani. Tangu lini mtu akapimwa kwa maneno ya mkaza mwanawe?

3. Aliyesahau ana huzuni ya nini? Kila asubuhi mama huuliza baba amekwenda wapi. Mimi sipendi uongo, humwambia amekufa. Hulia kama aliyepata habari leo. Ikifika adhuhuri hata kwamba alilia amesahau. Wewe ukasema habari huondoka, uchungu hubaki. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Wewe wataka nisadiki moshi mtupu.

4. Na kama msahaulifu hushikwa na huzuni, mbona diwani wetu ananenepa? Mwaka wa Uhuru alituahidi kisima na barabara, amesahau vyote viwili, na akicheka magego yote yaonekana. Tafadhali ukampime yeye kwanza.

5. Umeniagiza nisimwambie tena kwamba baba amekufa, ila nimwulize habari za baba nimwache asimulie. Tena nimrudishie ukili wake wa kushonea mkeka, ambao niliuficha kwa kuwa siku hizi anausuka kombo na watu wanacheka. Yaani mimi mwenye akili timamu nimfuate aliyepotewa!

Basi naomba cheti chenye muhuri, kisemacho mama hana huzuni ya aina yoyote, nikitundike barazani majirani wakome kunipa pole.

Wasalimie wauguzi wote, na bawabu aliyetupatia kivuli. Asiya anakusalimu. Mama naye anakusalimu, anasema hajambo.

Ni mimi mwenye kukuheshimu,
Mwinyihaji wa Jumbe

Baada ya sahihi: Kabla sijaifunga barua hii, mama ameniuliza tena baba yuko wapi. Sijui nilipatwa na nini, nikaenda kumtolea ukili wake. Akasuka kidogo, kisha akaniagiza kwamba baba yangu Jumbe akirudi nimwambie yeye mama amechoka, amechoka sana. Nikamwuliza u hali gani, mama. Akajifuta machozi kwa upindo wa leso, akajibu hajambo. Bwana Daktari, pale juu nilipoandika kwamba sisi sote hatujambo, ile ni desturi tu ya barua. Njoo.