Viazi Kumi na Viwili vya Mkaguzi

Ndugu zangu walimu mlioko Walikale, leo nimeaibika mbele ya watoto arobaini na mkaguzi mmoja. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Karuba hakuna siri.

Ugonjwa wa darasa langu mnaujua. Tatu mara nne wanaiimba vizuri kuliko nyimbo za misa. Lakini anza tu kuwaambia, "Mama iko na viazi...", wanakutolea macho. Nikasema hawa waone kwanza, ndipo wahesabu. Juzi nilijaribu maharagwe. Wa nyuma hawakuyaona, wa mbele waliyatafuna. (Mabichi!)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mkaguzi wa misheni. Akiridhika, nabaki na darasa langu. Asiporidhika, narudi kwa baba kushika jembe, na baba ameshanitengea shamba. (Ana hamu kweli, yule mzee.) Kwa hiyo jana nilimwomba mama viazi vitamu kumi na viwili, vikubwa, vibichi. Asubuhi akanipa kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba, kinafuka mvuke.

"Mama, nilisema vibichi!"

"We mwana! Mugeni anatoka Kibabi na miguu, unamuonyesha kiazi kibichi? Batu batasema nini juu yangu?"

Nikabeba. Kiazi ni kiazi, nikajidanganya.

Mkaguzi, mzee mpole aliyewahi kuwa mwalimu, akaketi pembeni na daftari lake magotini. Nikachora vyumba vitatu mezani kwa chaki, viazi nikavipanga kando. "Mama iko na viazi kumi na mbili. Iko na batoto batatu. Anabagawia sawasawa. Kila mutoto anapata ngapi?"

Nikamwita Bernadeta, hodari wa darasa. Agawe kimoja kimoja, wenzake waone nne, nne, nne. Rahisi!

Bernadeta akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote. Akampelekea mkaguzi kwa mikono miwili, goti chini.

"Bernadeta! Ile iko ya hesabu!"

"Mwalimu, mugeni njo anapata wa kwanza."

"Njo vile!" darasa zima likaitikia.

Mkaguzi akapokea, lakini hakula. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Ndipo nikakumbuka: mwenye chakula huonja kwanza, mgeni asije akadhani ametiliwa sumu. Ningefanya nini? Nikachukua kiazi kingine, nikauma nusu nzima kwa haraka ya woga. Ndugu zangu, ndani kilikuwa moto! Kikanikwama kooni.

Hapo mkaguzi akaanza kula, ametulia kabisa. "Sasa, Mwalimu," akasema, "kila mutoto anapata ngapi?"

Sauti haikutoka. Machozi yalitoka. Nikainua vidole vinne, jibu nililoliandaa tangu jana.

"Hapana, Mwalimu!" Bernadeta alikuwa ameshavigawa vyote vilivyobaki. "Iko tatu! Mugeni amekamata moja, Mwalimu moja, inabaki kumi. Angalia: tatu, tatu, tatu."

"Na hii moja yenye inabaki?" mkaguzi akauliza.

"Ya mama mwenye alipika."

Watoto wakampigia makofi. Mimi nakohoa, nimeshika meza, yule wa dawati la mbele ananipiga mgongoni bila hata kuombwa. (Alipiga kwa moyo wote. Nadhani alikuwa na deni la viboko.) Mkaguzi akaandika, akaandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Nikaliona shamba la baba waziwazi, mpaka magugu yake.

Mwishowe akasimama, akapangusa vidole, akanipa mkono.

"Utabaki hapa hapa, Mwalimu. Hawa batoto banajua kufundisha."

Basi kazi ninayo. Mkitaka kucheka, chekeni hukohuko Walikale. Karuba wanaocheka wametosha.