Vitabu Vyangu Havitupwi!

Jumapili, tarehe 6 ya mwezi wa Nisani

Salaam, shajara yangu. U mzima? Jalada halijalegea? Mimi mwili hauna neno, Jina Lake lisifiwe, ila moyo unafuka moshi.

Nimepita dukani kwa Zanvil, muuza vitabu wa mtaa wetu hapa Yerusalemu. Anasafisha duka kwa ajili ya Pasaka. Akaniambia bila haya, Getzel ndugu yangu, vitabu vyako vitatu vimekaa rafuni mpaka buibui wameozesha wajukuu humo. Wiki hii anavitupa kwenye taka. Taka! Visa vya Wayahudi tisa waliokwama mwezini, na mashine yao inayotaka kuhesabiwa mtu wa kumi ili sala itimie! Je, mashine ina roho? Sabato inaingia lini mahali ambapo jua halitui wiki mbili? Nimeota mvi nikiyawaza hayo. Na nafasi yangu anapewa nani? Birnboim, jirani yangu wa ghorofa ya juu, aliyeandika kitabu cha kuzuia hasira. Nilitamani kukipiga teke.

Jumanne, tarehe 8

Nimepata dawa! Kwetu karatasi yenye Jina la Mungu haitupwi, hata iwe imeraruka. Basi nimechongesha muhuri wenye aya ya Zaburi, Jina likiwa kamili. Mke wangu Pesya akauliza, Baba Hendel, umemwuliza rabi? Nikamjibu, rabi huulizwa na mtu asiyejua anachotaka. Akaguna. Eti mawazo yangu yote huanza kwa kelele na kuishia kwa yeye kuwaomba radhi majirani ngazini.

Jumatano, tarehe 9

Nilimwambia Zanvil nimekuja kumsaidia kufuta vumbi. Alifurahi, akanipa kitambaa! Nikapiga muhuri kila nakala. Pa! Pa! Kisha nikamtangazia. Akawa mwekundu kama kiazi chekundu cha supu ya borshti. Umenifungia mzoga dukani, akafoka. Si mzoga, nikasema, ni kitu kitakatifu, jaribu kukitupa uone! Nimeshinda. Birnboim akaingia, akanipapasa bega, akasema vuta pumzi ndugu, ni ukurasa wa tatu wa kitabu changu. Ningemng'ata.

Alhamisi, tarehe 10

Balaa! Lemel, fundi saa, alisimama rafuni akisoma kitabu changu na kucheka. Kucheka kwelikweli! Akataka vyote vitatu. Mara akauona muhuri. Akakibusu kitabu, akakirudisha. Akasema, samahani Bwana Getzel, mimi hadithi husomea chooni, na hiki sasa hata kizingiti cha choo hakivuki. Nikamwambia asomee kitandani. Akasema kitandani yupo mkewe.

Zanvil akakimbilia kwa rabi, mimi nyuma yake. Rabi akauliza, kuna mtu amewahi kununua? Nikasema, mama yangu. Mwingine? Nikamtaja mama tena. Mnafiki Birnboim alikuwepo, akatikisa kichwa kwa huruma. Rabi akahukumu: kisichotupika na kisichouzika kizikwe kwa heshima, kama maandiko yaliyochakaa. Yaliyochakaa! Bado yananuka wino!

Jumapili, tarehe 13

Vimezikwa. Mtaa mzima ulifurika makaburini, maana kuzika maandiko ni thawabu. Wakaimba. Wakapokezana magunia mabegani, watu ambao hawajawahi kushika hata jalada langu! Na hotuba akatoa nani? Birnboim! Akasema marehemu hawa walikuwa wapole, maisha yao yote hawakumsumbua mtu. Watu wakafuta machozi. Mimi nilikuwa nasaga meno mpaka taya linauma.

Mzee mmoja nisiyemjua akanishika mkono, akauliza vilihusu nini. Nikamweleza ile mashine, jinsi inavyosimama mlangoni mwa chumba cha sala ikingoja kuitwa. Macho yakamtoka. Akasema, mwanangu, nipatie nakala moja tu. Nikageuka. Wachimbaji walikuwa wameshasawazisha udongo.

Nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Pesya akaniwekea chai, akauliza kwa upole, sasa umejifunza, Baba Hendel?

Sana! Kosa langu lilikuwa ubahili. Aya moja tu, ukurasa wa kwanza tu! Kitabu cha nne nakiwekea aya kila ukurasa, mwanzo hadi mwisho. Umati ule umeonja thawabu ya vitabu vyangu, utakuja wenyewe kuvinunua. Rabi simwulizi. Wewe, shajara yangu, unaonaje? Tafadhali nijibu upesi, mchapaji anasubiri.